Risasi za kusubu kwenye bastola ya kuwindia: wabishani hawajashika silaha moja

Kiswahili kina jina moja la madini na la kile kinachotoka mtutuni: risasi. Jina hilo limehifadhi historia. Kwa karne nyingi bunduki ilirusha madini hayohayo, yaliyoyeyushwa, yakamiminwa kwenye kalibu na kuachwa yapoe, kazi inayoitwa kusubu. Koti la shaba lilienea mwishoni mwa karne ya 19, baada ya baruti isiyotoa moshi kuongeza mwendo kupita kiasi ambacho risasi tupu ingeweza kuhimili. Ili tusichanganyane, hapa madini nitayaita risasi, na kinachoruka nitakiita kichwa.

Swali linalowagawa wawindaji ni hili: anayewinda kwa bastola ya nusu-otomatiki, ile inayojipakia yenyewe kutoka kwenye magazini, anaweza kutumia vichwa vya kusubu visivyo na koti? Wengine wanasema wametumia miaka nenda miaka rudi bila tatizo. Wengine wanasema ni kuharibu silaha na kujitafutia ajali. Naamini pande zote mbili zinasema kweli, ila kila upande unazungumzia bastola yake.

Tuanze na wanaotetea, kwa sababu hoja yao ina uzito, hasa kwa mnyama mkubwa. Bastola si raifo. Kichwa cha raifo ya kuwindia kwa kawaida huvuka mita 800 kwa sekunde. Cha bastola ya 10mm Auto au .44 Magnum, majina ya saizi mbili za risasi za bastola zenye nguvu, hucheza kati ya mita 350 na 450. Kwa mwendo huo hakuna nguvu ya kupoteza. Kichwa chenye koti na tundu puani kikimpiga nguruwe mwitu begani hufunguka kama uyoga, na kadiri kinavyofunguka ndivyo kinavyosimama mapema. Kinaweza kuishia kwenye mfupa na misuli, mapafu hayajaguswa. Kichwa kigumu cha kusubu chenye pua bapa hakifunguki. Kinavunja mfupa, kinaendelea kwa njia iliyonyooka, na mara nyingi kinatokea upande wa pili. Matundu mawili humwaga damu nyingi zaidi chini kuliko moja, na anayemfuatilia mnyama vichakani jioni anajua thamani ya hilo.

Mwindaji na mwandishi Mmarekani Elmer Keith alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuthibitisha jambo hilo, na juhudi zake zilichangia kuzaliwa kwa .44 Magnum mwaka 1955. Lakini Keith alikuwa na rivolva mkononi, bastola yenye silinda inayozunguka badala ya magazini. Silinda ya rivolva inazungushwa na kidole cha mpigaji. Haiombi msaada wowote kutoka kwa kichwa kilichotangulia. Bastola ya nusu-otomatiki inategemea kila mlio kuandaa unaofuata, na wengi wanaonukuu uzoefu wa rivolva wanaisahau tofauti hiyo.

Itazame Desert Eagle, bastola inayopendwa na wawindaji wanaotaka .44 Magnum yenye magazini. Inaendeshwa kwa gesi. Karibu na chemba, yaani nyuma ya mtutu ambako risasi hukaa kabla ya kupigwa, mtutu una kitundu kidogo. Kichwa kikishakipita, gesi ya baruti huingia humo, husafiri kwenye mfereji chini ya mtutu hadi karibu na mdomo, kisha husukuma pistoni inayorudisha nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda mbele na nyuma. Sasa pitisha juu ya kitundu hicho kichwa cha risasi laini kilichopakwa nta. Ukingo wa tundu unakikwangua, na gesi yenye moto inabeba chembe za risasi na nta hadi kwenye mfereji. Huko zinapoa na kuganda, mahali ambapo brashi ya kawaida haifiki. Siku ya kwanza huoni kitu. Baadaye slaidi inaanza kurudi kwa uvivu, ganda linabanwa mlangoni, na bastola imekwama huku mnyama aliyejeruhiwa anatokomea. Magnum Research, wenye bastola hiyo, wanaelekeza kutumia vichwa vyenye koti. Kwa bastola ya gesi nawaunga mkono bila kusitasita.

Bastola inayoendeshwa kwa msukumo wa kurudi nyuma, kama Colt 1911 na nduguze, haina kitundu hicho. Mitutu mingi ya aina hiyo ina mifereji, yaani michirizi ya ndani inayokizungusha kichwa, iliyokatwa kwa kingo kali, na walenga shabaha wamepitisha humo vichwa vya kusubu vya .45 kwa vizazi. Anayesema bastola yoyote ya nusu-otomatiki haifai kwa risasi tupu anaifuta historia hiyo yote.

Glock ipo katikati, na ndiyo inayozua ubishi mkali. Nayo huendeshwa kwa msukumo, lakini mtutu wake wa asili una mifereji ya poligoni, yenye mabega ya mviringo. Kampuni inaonya dhidi ya vichwa visivyo na koti. Wapo wanaovitumia kwenye Glock 20 ya 10mm, wanasafisha kila baada ya milio michache, na hawajapata madhara. Siwapingi kuhusu walichokiona, ila hatari yenyewe ni ya kulimbikizana: utando wa risasi unapozidi, njia inakuwa nyembamba na shinikizo linapanda bila mpigaji kuhisi chochote mkononi. Mtutu mbadala wenye mifereji ya kukatwa unapatikana, unaingia bila fundi, na mwenye nia ya kutumia vichwa vya kusubu sioni kwa nini asiununue.

Jambo linaloharibu zaidi mjadala huu ni imani kwamba mtutu ukichafuka, kichwa kilikuwa laini mno. Basi mtu anaongeza antimoni na bati, madini ya kuigumisha risasi, kichwa kinakuwa kigumu kama kigae, na uchafu unazidi. Mara nyingi chanzo ni kipimo. Kichwa kikiwa chembamba kuliko mtutu, gesi inapenya ubavuni mwake na kuuyeyusha, kama maji yanavyokula ukingo wa mfereji uliovuja. Kichwa laini kiasi kingetanuka kitakoni na kuziba pengo. Kigumu mno kinabaki kilivyo. Kanuni ya wasubuji ni kukizidisha kipenyo cha mifereji kwa elfu moja ya inchi, takriban milimita 0.025. Ndiyo maana vichwa vya koti vya 10mm ni inchi 0.400 na vya kusubu huwa 0.401.

Kuna namna ya kuhakikisha. Mtutu uliovuliwa kutoka kwenye bastola unapakwa mafuta, kisha kipande cha risasi safi kinasukumwa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa kijiti cha mbao. Kinatoka kimechongwa alama za mifereji yote, nacho kinapimwa kwa maikromita. Baada ya milio kumi ya majaribio, kitambaa kinapitishwa mtutuni. Kikitoka na vumbi jeusi tu, mambo ni mazuri. Vikionekana vipande vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya dagaa, kipimo kimekosewa, na hakuna sababu ya kwenda porini na mzigo huo.

Upo upande mwingine ambao watetezi huupita haraka mno. Risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chake kisicho na madhara. Anayeisubu anafanya kazi juu ya madini yanayoyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, na tone moja la maji likizama kwenye chungu hurusha madini ya moto usoni. Vumbi la kazi hiyo halina nafasi jikoni wala karibu na mtoto. Ni kweli kwamba kichwa kigumu kwa mwendo wa bastola huacha vipande vichache nyamani kuliko kichwa cha raifo kinachosambaratika. Hata hivyo, katika jimbo la California nchini Marekani, ambako tumbusi wa kondori walibaki 22 tu mwaka 1982 na sumu ya risasi ikawa tishio kubwa kwao, sheria iliyopitishwa mwaka 2013 ilianza kutumika kikamilifu tarehe 1 Julai 2019: hakuna mnyamapori anayewindwa kwa vichwa vya risasi. Huko mjadala wa mitutu haupo tena, na anayewinda anatumia vichwa visivyo na risasi, kama vile vya shaba tupu.

Siku hizi wasubuji wengi hupaka vichwa rangi ya unga na kuvioka hadi ishike kama ngozi. Moshi unapungua, na mtutu unachafuka kidogo. Kwa bastola ya msukumo yenye mtutu uliopimwa, hicho ndicho ningekichagua. Kwa bastola ya gesi bado nasema hapana, kwa kuwa kitundu kile kitakwangua rangi kama kinavyokwangua risasi. Mwenye Desert Eagle anayetaka kupenya mfupa anaweza kutumia kichwa kizito chenye koti na pua bapa, kisicho na tundu. Kinafunguka kidogo, kinazama ndani, na slaidi inarudi mahali pake tayari kwa mlio wa pili.