Mzee wa Pembe Alipopita Kibosho

Kwetu Kibosho, Kilimanjaro, Krismasi haina kadi ya mwaliko. Unarudi kuhesabiwa, basi. Bibi anawekewa kiti karibu na mlango, kila anayeshuka kwenye gari anatajwa kwa jina, na asiyefika anatajwa kwa sauti kubwa zaidi. Nchi nzima inatutania Wachagga kwa hilo, na mabasi ya Desemba yanatutania kwa nauli.

Mwaka juzi nilikabidhiwa wizara ya muvi, kwa sifa moja tu, kwamba nilikuwa na flashi. Kabla hata sijaondoka Dar, kundi la familia kwenye simu lilishagawanyika.

Baba Mkubwa alitaka Die Hard ya mwaka 1988. Alitetea hoja yake kama wakili: kuna pati ya ofisi ya Krismasi, kuna mti, kuna Bruce Willis peku anapigania ndoa yake kwenye ghorofa lililojaa majambazi, sasa mnataka Krismasi ipi? Nikamwambia muvi yenyewe huko Marekani ilitoka Julai. Shangazi akauliza mtoto Yesu yuko ghorofa ya ngapi. Baba Mkubwa akajitoa kwenye kundi, akarudishwa, akajitoa tena.

Shangazi yeye alitaka filamu ya Yesu ya mwaka 1979, ile iliyokuwa ikizungushwa vijijini na gari lenye jenereta, watu mnakaa chini mnatazama kwenye shuka jeupe. Ni filamu nzuri, sina neno. Shida yake ni kwamba mtoto anazaliwa mapema sana, na kabla pilau haijaiva ameshasulubiwa. Tuliwahi kuiweka Krismasi moja, watoto wakala wali huku wanalia.

Mimi nilikuwa na It's a Wonderful Life ya mwaka 1946. Ina historia tamu: ilipotoka haikuuza, halafu mwaka 1974 wenye nayo hawakuhuisha haki miliki, vituo vya televisheni vya Marekani vikaanza kuirusha bure kila Desemba mpaka watu wakaipenda. Nikawaonyesha vijana wa nyumbani kipande kwenye simu. Mmoja akaniuliza kwa huruma, "Anko, kioo chako kimekufa rangi?"

Watoto walitaka Home Alone ya mwaka 1990, kama kila mwaka. Hiyo Bibi anaijua, na ana kesi nayo. Haelewi watu wazima wanapandaje ndege kwenda Paris wakamsahau mtoto darini. Nilimweleza kwamba kabla ya kutoka walihesabu, ila wakamjumlisha mtoto wa jirani aliyekuwa anapekuapekua mizigo.

"Waliita majina?"

"Hapana Bibi, walihesabu vichwa."

"Ndiyo hapo sasa. Vichwa hata mbuzi anavyo."

Kwa hiyo nikaenda kwa kijana anayejaza watu muvi mtaani kwetu. Nilimpa maelekezo yanayoeleweka: za Krismasi, za familia, na ziwe zimetafsiriwa, maana Bibi hana muda na Kiingereza. Akanijazia bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Faili la kwanza alikuwa ameliandika KRISMASI YA FAMILIA. Ungekuwa wewe ungeshuku nini?

Jioni ya tarehe 25 sebule ilijaa. Supu ya kisusio ilishanyweka, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa kwenye ndoo katikati ya zulia, na katekista wa jumuiya alikuwa amepita kutusalimia akapewa kochi kubwa. Nikachomeka flashi.

Muvi ikaanza na watu wanakanyagana dukani wakigombea bidhaa huku wimbo wa Krismasi unapigwa taratibu. Bibi akacheka, "Kariakoo hiyo." Mtafsiri naye alikuwa kwenye ubora wake, kila mtu kambatiza upya. Katoto fulani kakachana barua yake ya kwa Baba Krismasi, theluji ikafunga barabara, umeme ukakatika mtaa mzima. Watoto wetu wakapiga makofi: kumbe na Marekani!

Hapo ndipo mtafsiri aliposhusha sauti. "Sasa kaa chonjo ndugu mtazamaji, Mzee wa Pembe huyooo, juu ya paa!"

Kumbe ilikuwa Krampus ya mwaka 2015. Krampus ni jitu la hadithi za kale za huko Austria na milima ya Alpi, nusu mtu nusu mbuzi, pembe, ulimi mrefu, minyororo. Baba Krismasi anatoa zawadi kwa watoto wema, huyu anawashughulikia waliobaki. Ndani ya muvi biskuti zinashika bunduki ya misumari. Mdoli wa kwenye boksi anammeza mtoto kuanzia kichwani. Katekista alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akajuta.

"Zima hilo pepo!" Shangazi akasimama.

Nikatafuta rimoti. Ilikuwa imekaliwa, na kwa kuwa katekista ndiye aliyeikalia na alikuwa ameganda, haikupatikana.

"Asizime mtu," Bibi akasema. Alikuwa amesogeza kiti mbele. Kwenye ile muvi kuna bibi anayeongea Kijerumani, anachochea moto usizimike, kwa sababu yeye ndiye anayemjua yule mgeni. "Humo ndani mwenye akili ni huyo mama peke yake. Wengine wote wajinga. Huyo mzee anatafuta nini?"

"Anachukua watu walioidharau Krismasi, Bibi."

"Wasiorudi nyumbani?"

Kabla sijajibu, uniti za umeme zikaisha. Giza tii. Mtu akasema tulieni, mtu mwingine akasema nani kanishika, na mlango wa uani ukafunguka wenyewe taratibu, kriiiii.

Mwanga wa simu ya binamu yangu ulitua kwenye macho mawili ya njano, na juu yake pembe.

Yelewii! Sijawahi kuona mtumishi wa Bwana akipita juu ya kochi kwa mgongo. Shangazi alikuwa anakemea kwa Kichagga na Kiswahili kwa zamu. Baba Mkubwa, mtu wa Bruce Willis, tulimkuta nyuma ya pazia. Ndoo ya mbege ikalala chini, na yule mbuzi wa kuchinjwa tarehe 26, aliyefungwa na watu wenye haraka ya kuwahi muvi, akasogea zuliani kwa adabu na kuanza kunywa.

Bibi hakuinuka. Aliita majina gizani, mmoja mmoja, kila mtu akaitika, katekista kutoka chini ya meza. Alipofika kwa Baba Mdogo wa Mwanza kukawa kimya. Huyo alikuwa ametuambia mabasi yamejaa. Mabasi yalijaa tangu mwaka wa juzi yake.

Bibi akaomba simu.

"Mwanangu, huku kuna mzee wa pembe anapita. Anachukua wasiohesabiwa. Kwetu ameshaingia mpaka sebuleni. Unadhani natania? Ongea na katekista."

Katekista hasemi uongo. Akachukua simu mkono unatetemeka, akasema pembe ameziona kwa macho yake, na kwamba kwa sasa jambo hilo lipo kwenye zulia na linakunywa.

Baba Mdogo aliingia tarehe 28 asubuhi, macho mekundu ya kusafiri usiku, kreti la soda begani na jani la isale mkononi. Kwa Wachagga ukiletewa isale husemi tena, unasamehe, hata kama maneno yalikuwa bado yapo mdomoni. Bibi alilipokea, akamhesabu.

Nilipokuwa naaga aliniita pembeni. Nilijua nasemwa kuhusu zulia. Akanisogelea sikioni.

"Yule binamu yako wa Houston, huyo wa miaka yote hiyo. Kamuulize kijana wako wa muvi: yule mzee anapanda ndege?"