Soga Isiachiwe Madalali

Jumamosi iliyopita nilipanda treni ya kawaida ya SGR, reli mpya ya kisasa, kutoka Dar es Salaam hadi Soga mkoani Pwani, kwenda kuangalia kiwanja ambacho dalali alikinadi kuwa kiko dakika tano kutoka stesheni. Dakika hizo tano ziliishia getini. Baada ya hapo bodaboda ilitupitisha kwenye mchanga na mikorosho hadi nikaacha kutazama saa. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha mita 20 kwa 20, na jiwe mojawapo la mpaka lilikuwa limechimbiwa katikati ya kijia walichokuwa wakipita watoto wenye madumu ya maji. Nilipouliza barabara itapita wapi, dalali alinijibu kwa utulivu mkubwa, "Hiyo mtaachiana wenyewe majirani, bosi."

Tumeshaona jinsi majirani wanavyoachiana barabara: gari la zimamoto haliingii, na jeneza hutolewa kwa kupindishwa. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Soga bado haijaharibika. Safari za abiria zilianza Juni 2024, na stesheni ile ya treni ya umeme bado imezungukwa na mashamba, yaani kitu ambacho Mbagala na Kimara hazitakipata tena. Mduara unaofika kilomita moja tu kila upande wa stesheni una takribani hekta 314. Zikipangwa mapema, nyumba za ghorofa tatu au nne za kupangisha zikakaa karibu na stesheni, soko, shule na zahanati zikafuata, na viwanja vikubwa vikasogezwa pembeni, maelfu ya familia zinaweza kwenda kazini kwa miguu yao hadi kwenye treni. Zikikatwakatwa vipande vya 20 kwa 20, vingi vitanunuliwa na watu wa Dar wanaosubiri bei ipande, vizungushiwe ukuta na kupandwa migomba miwili ya kuonyesha uendelezaji. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaruhusu eneo kutangazwa kuwa la upangaji. Sijui tunasubiri mji uote ndipo tuuchoree ramani na kuupaka alama za X nyekundu za bomoabomoa.

Nitaambiwa kwamba kupima viwanja peke yake hakujengi mji, na hapo, kwa shingo upande, nakubali. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulipima vizuri, lakini vingi vilibaki vichaka kwa miaka. Tofauti ni kwamba Soga reli imetangulia.

Nauli nayo inahitaji kuzungumzwa. Shilingi 4,000 kwenda na nyingine 4,000 kurudi, kwa siku 22 za kazi, ni shilingi 176,000 kwa mwezi, kabla hujamlipa bodaboda. Bila tiketi ya mwezi yenye punguzo na treni ya alfajiri inayomfikisha mtu kazini kwa wakati, tutakuwa tumewajengea wenye magari.

Wenyeji wenye mikorosho walipwe fidia ya haki, au wapewe hisa katika viwanja vilivyopimwa, badala ya kurubuniwa na bei ya pikipiki.

Nikiwa naandika haya, dalali amenipigia tena. Kile kiwanja kimeshachukuliwa, amesema, ila kuna kingine kizuri zaidi, dakika tatu kutoka stesheni.