Macho ya bibi harusi yasisomwe haraka
Mwandishi mmoja anasema mabibi harusi kwenye picha za zamani wamenuna kwa sababu waliozwa kwa nguvu. Walioozwa hivyo walikuwepo, sikatai, lakini sura ile peke yake si ushahidi. Mama yangu aliolewa Tanga mwaka 1971, na anasema somo wake, yaani kungwi aliyemfunda, alimwonya mapema: mwari akichekacheka mbele ya watu, wataanza kusema ana haraka ya mume. Basi akainamisha macho. Halafu filamu ya kamera zile za studio ilitoa picha 12 tu, mpiga picha akapiga mbili akasema zinatosha. Nani angejaribu kutabasamu mara ya tatu? Kinachonikera mimi ni kingine. Kwenye picha yao, baba amekaa kwenye kiti, mkono umetangulizwa makusudi saa ionekane (na saa yenyewe ya kuazima!), mama kasimama ubavuni, kiganja chenye hina begani kwa mumewe. Geuza nyuma: "Harusi ya" fulani, jina la baba tu, kana kwamba alijioa mwenyewe. Hebu geuzeni na za kwenu, jina la bibi harusi limeandikwa?