Nani atakuja kukubeba mlimani?

Alhamisi iliyopita nilitoka kwenye mkutano wa wamiliki wa nyumba nikiwa na hasira iliyoninyima usingizi hadi alfajiri. Ajenda ilikuwa moja tu: yale maegesho ya zamani nyuma ya kituo cha basi, ambapo halmashauri inataka kujenga nyumba 40 za kupangisha wafanyakazi wa hapa mjini. Watu wakasimama mmoja baada ya mwingine. Foleni. Mandhari. Thamani ya viwanja. Halafu akasimama mzee mmoja ninayemheshimu sana, ambaye huwa tunapanda mlima pamoja kila kiangazi, akasema: "Sisi tulikuja huku kutafuta utulivu. Wenzetu hawa wana bonde zima kule chini la kuishi." Ukumbi ukapiga makofi.

Mimi sikupiga makofi, lakini pia sikufungua kinywa, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa hiyo nayasema hapa.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa kumi, niliteleza kwenye jiwe lenye ukoga wakati navuka kijito, kule juu njia inapopinda kuelekea ziwani. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Kifundo cha mguu kilitoa sauti kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Aliyewahi kukaa juu huko jua likizama anajua jinsi baridi inavyoingia: inaanza vidoleni, inapanda magotini, halafu meno yanagongana bila ruhusa yako. Nilipigia simu kikosi cha uokoaji, nikajifunika kila nilichokuwa nacho, nikasubiri. Baada ya saa moja na dakika ishirini nikaona taa za kichwani, sita, zikipanda kwa mstari mmoja gizani.

Wa kwanza kunifikia alikuwa yule dada anayetupimia viatu dukani. Wa pili, dereva wa basi. Wa tatu alikuwa mpishi, bado amevaa suruali yake ya jikoni yenye mirabamiraba chini ya koti la mvua, maana wito ulimkuta kazini. Dada aliufunga mguu wangu kwa gango huku akiniuliza habari za kawaida ili nisizimie. Wakanilaza kwenye machela yenye gurudumu moja chini, wakapokezana kuishika mbele na nyuma hadi barabarani. Wote ni watu wa kujitolea. Hawakulipwa kitu, na asubuhi yake kila mmoja alikuwa kazini kwake.

Dada huyo anaondoka mwezi ujao. Chumba alichopanga juu ya gereji ya mtu kinageuzwa cha kupangisha wageni kwa usiku. Amepata pa kuishi bondeni, dakika 70 kwa gari kama barabara haina barafu. Basi nambieni, mimi au ninyi tukianguka tena pale kijitoni, taa zile zitafika saa ngapi? Zitakuwa sita kweli?

Sina hoja nyingine kubwa kuliko hiyo. Tunapenda kusema huu ni mji wa watu wanaopenda maisha ya nje, na ni kweli, ndiyo maana nilihamia. Lakini maisha ya nje yanasimama juu ya migongo ya watu wanaofanya kazi saa ambazo sisi tumelala. Wapo wanaopanda kabla ya mapambazuko, theluji ikiwa imeanguka usiku kucha, kulipua baruti ili maporomoko yatokee wakati hakuna mtu chini yake. Wapo wanaoendesha mitambo ya kusawazisha njia za kuteleza tangu lifti zinapofungwa jioni. Wapo wanaotengeneza madaraja ya miti kila mto unapofurika. Kazi hizo haziwezi kufanywa na mtu aliyekwama upande wa pili wa mlima, kwa sababu theluji inayofanya kazi yao ihitajike ndiyo hiyo hiyo inayofunga barabara. Mlima hauna ratiba ya ofisi.

Wanaodhani natia chumvi waitazame Jackson, Wyoming. Ni mojawapo ya sehemu tajiri kuliko zote Marekani, na maelfu ya wafanyakazi wake huishi ng'ambo ya mlima, katika miji ya Idaho kama Victor na Driggs, wakivuka barabara ya mlimani ya Teton Pass kila siku. Tarehe 8 Juni 2024 kipande cha barabara hiyo kiliporomoka, kikaacha shimo mahali palipokuwa na lami. Kwa wiki karibu tatu, hadi njia ya muda ilipofunguliwa tarehe 28 Juni, watu hao walilazimika kuzunguka mbali, zaidi ya saa nzima ya ziada kwa kila safari, kwenda na kurudi. Kipande kimoja tu cha ardhi, na mji mzima ukagundua kuwa watu wake wanalala jimbo jingine.

Na sisi tunaelekea huko huko tena kwa hiari yetu. Jumanne usiku nilitembea barabara yetu kutoka juu hadi chini na mbwa wangu. Nyumba 11. Zenye taa, 3. Nane zilizobaki zina joto ndani, maana mabomba yasipopata joto yatapasuka kwa baridi, lakini hakuna aliyekuwa akiota joto hilo. Vitanda vimetandikwa, mashine za kupasha maji zinanguruma, na wakati huo huo kijana anayezoa theluji mlangoni mwa nyumba hizo analala ndani ya gari lake kwenye maegesho ya bwawa. Nimemwona akikwangua barafu ya pumzi yake mwenyewe upande wa ndani wa kioo. Sijui mtu anawezaje kuona hilo halafu akaenda mkutanini kuzungumzia mandhari.

Mtaniambia haya ni matatizo ya dunia nzima na hayana dawa. Si kweli. Mwaka 2012 Waswisi walipiga kura na kuamua kuwa nyumba za watu wasioishi pale zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika manispaa moja. Kura zilikaribiana mno, na vijiji vingi vya milimani vilipinga vikali, lakini sheria ipo na inafanya kazi. Whistler, kule Kanada, wana mamlaka yao ya nyumba za wafanyakazi tangu 1997, na lengo lao ni kwamba robo tatu ya wafanyakazi walale ndani ya mji. Vail, Colorado, tangu 2017 halmashauri inamlipa mwenye nyumba ili akubali sharti moja liandikwe kwenye hati: anayeishi humo awe mtu anayefanya kazi katika kaunti hiyo. Nyumba inabaki yako, unaweza kuiuza au kuirithisha, ila sharti linabaki nayo. Hilo la tatu lingeweza kuanza hapa mwaka huu, bila kupiga jembe hata moja ardhini.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba nyumba 40 zitaleta magari. Nakubali pia kwamba paa wa mlimani hupita karibu na maegesho yale wakati wa kushuka majira ya baridi, na ramani inabidi isogezwe upande wa mashariki kuwaachia njia. Hilo lizungumzwe, na mimi nitalitetea. Kuhusu thamani ya viwanja sina la kusema.

Lakini hii habari ya utulivu siwezi kuimeza. Utulivu ninaoujua mimi ulikuja nikiwa nimelala kwenye machela, nikitazama nyota zikiyumba juu yangu, nasikia sauti za watu sita wakiambiana "jiwe hapa, taratibu, geuza." Sijawahi kujisikia salama kiasi kile mahali popote. Na mzee wangu yule, naye ana miaka 74 na bado anapanda peke yake. Nampenda, na ninaogopa kwa ajili yake.

Jana nilikwenda kumsaidia dada kufunga mizigo. Chumba ni kidogo, tulimaliza mapema. Vitabu, viatu jozi tano, kamba mbili na mikanda ya kupandia. Mwisho akatoa redio ya kikosi cha uokoaji kutoka kwenye chaji yake karibu na kitanda, akaigeuzageuza mkononi, akaniuliza kama namjua mtu mwingine wa mtaa huu anayeweza kukabidhiwa, kwa sababu kule bondeni haishiki.

Nilifikiria nyumba zote 11. Sikupata jina.