Usingizi wa nyangumi na pomboo nao unastahili ulinzi

Kila unapozuka mjadala wa kuwahifadhi nyangumi na pomboo, hutajwa malisho yao na mahali wanapozalia, na ni nadra mtu kuuliza wanalala wapi na lini. Kwa maoni yangu, hilo ni pengo kubwa, kwa kuwa usingizi wa viumbe hawa una masharti magumu: wanaishi majini, wanapumua kwa mapafu, na kila pumzi huivuta kwa kukusudia. Binadamu akilala fofofo huendelea kupumua bila kujua. Pomboo akitiwa dawa ya kupoteza fahamu huacha kupumua, na asiposaidiwa hufa.

Ndiyo maana pomboo hulaza ubongo nusu kwa nusu. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Umoja wa Kisovieti, akiwemo Lev Mukhametov, walipima umeme wa ubongo wa pomboo na kuonyesha kwamba mawimbi ya polepole ya usingizi mzito hutokea upande mmoja huku upande wa pili ukiwa macho, kisha pande hizo hupokezana. Mara nyingi jicho lililo mkabala na nusu iliyolala hufumbwa, na jingine hubaki likiangalia wenzake na adui. Wapo wanaousifu mpangilio huu kana kwamba pomboo amesamehewa haja ya kulala. Mimi nauona kama lindo lisilokwisha, tena zito zaidi kwa mama: mwaka 2005 iliripotiwa kwamba pomboo na orka (nyangumi wauaji) waliofugwa, pamoja na watoto wao wachanga, waliogelea karibu mfululizo, usiku na mchana, katika wiki za kwanza baada ya kuzaa.

Nyangumi-spermaseti ana namna yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulieleza jinsi wanavyoelea wima chini kidogo ya uso wa bahari, bila kusogea, kwa vipindi vifupi, na muda wote wa mapumziko hayo ulikuwa takriban asilimia 7 ya maisha yao ya kila siku. Kundi moja karibu na pwani ya Chile halikushtuka hata chombo kilipopita katikati yao, hadi kilipomgusa mmoja kwa bahati mbaya. Nikisoma habari hiyo nawaza meli kubwa zinazokwenda kasi katika njia zilezile wanamopumzika.

Hatua za kulinda usingizi huu zinawezekana. Huko Hawaii, pomboo wanaojizungusha hewani wanaporuka huwinda baharini usiku na kupumzika mchana katika ghuba zenye maji ya kina kifupi, palepale wanapopendelea watalii. Mwaka 2021 Marekani ilipiga marufuku kuwakaribia kwa umbali wa chini ya mita 45 hivi. Naiunga mkono sheria hiyo kikamilifu, na ningependa kila nchi yenye utalii wa pomboo iwe na ya kwake, pamoja na kupunguza kasi ya meli mahali nyangumi wanapopumzika. Waongozaji wa watalii nao wafundishwe dalili za kundi lililolala: linasogea polepole, limeshikamana, linaibuka kwa utulivu, na halirukiruki. Kundi la namna hiyo lisizungukwe na mashua, wala mtu asirukie majini kuogelea nalo, hata kama mgeni amelipia safari nzima kwa ajili hiyo.