Mjomba na Askari wa Posta

Mjomba wangu wa Tabora alipokuja Dar alikuwa na ombi moja tu: aonyeshwe Sanamu ya Askari. Babu yake alibebeshwa mzigo kwenye vita ya Mjerumani na Mwingereza, hakurudi. Nami kwa kujifanya mtoto wa mjini nikamwambia, "Rahisi, Mjomba. Jumamosi natoka kazini saa saba. Panda gari la Posta, uliza Askari yuko wapi. Nisubiri hapohapo kwa Askari, usibanduke."

Saa saba na robo niko Samora, kwenye kipilefti. Askari yupo, singe kaielekeza bandarini kama alivyowekwa 1927. Mjomba hayupo. Nikapiga simu.

"Shikamoo Mjomba. Uko wapi?"

"Marahaba. Niko kwa askari, nusu saa sasa."

"Mbona sikuoni? Kasimama juu ya jiwe?"

"Kasimama barabarani."

"Kavaaje?"

"Nyeupe tupu."

Hapo mwenye akili angeshtuka. Mimi nikawaza, wamempaka chokaa kwa sherehe gani? Maana pale mahali hapaaminiki: kabla yake alisimama Wissmann, gavana wa Kijerumani, Waingereza walipouteka mji 1916 wakamng'oa. Nikainua macho. Askari wangu bado wa shaba, kunguru katulia kichwani.

"Mjomba, huyo askari haongei, sivyo?"

"Anaongea sana. Tena anakutaka wewe."

Sauti nzito ikaingia. "We kijana, huyu mzee ni wako? Kila nikimwambia atoke barabarani, anasema kaambiwa asibanduke."

Nilitimua mbio. Mnara wa Saa niliupita bila kujua unasema saa ngapi. Taa za Mnazi Mmoja nikamkuta Mjomba kamng'ang'ania trafiki mkono, begi miguuni, daladala zinapiga honi, konda mmoja anamwuliza kaajiriwa lini. Niliomba radhi mpaka koo likakauka.

Tuliporudi Samora, Mjomba akaizunguka sanamu mara mbili. "Namwona mwenye bunduki. Mzee wetu yuko wapi?"

Nikamwonyesha maandishi: wapagazi nao wametajwa, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Akaguna. Ikabidi nitoe karata ya mwisho: Kariakoo ni jina lao. Kambi ya wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, ilikuwa pale, ndimi zetu zikalilainisha.

"Nipeleke."

Mtaa wa Kongo hatujapiga hata hatua ishirini: "Pisha mzigo! Mzee, mzigo huooo!" Kijana mwenye robota la mitumba kichwani akampiga Mjomba kikumbo, kofia ikaruka. Nikafumba macho nikisubiri matusi ya Kinyamwezi.

Kimya. Nikafumbua. Mjomba kaokota kofia, kaivaa, kasimama wima, anampigia saluti.

Kijana akageuza shingo kidogo, mzigo usitikisike. "Babu, saluti hailiwi. Toa ya maji."

Mjomba akatoa buku.