Dola ya 1804 na jina la Sayyid Said: dalali aandike bei gani?

Mei 2016, mjini New York, dau la sarafu moja ya fedha lilipanda hadi dola milioni 10.6, ada ya mnada ikiwa ndani yake. Sarafu haikuuzwa. Mwenye mali alikuwa ameweka bei ya chini ambayo haikutangazwa, na dau hilo halikuifikia. Agosti 2021 sarafu ileile ikarudi mnadani, safari hii ikachukuliwa kwa dola milioni 7.68. Alama yake ya ubora haikuwa imeshuka: ni 68 kati ya 70, ya juu kuliko ya ndugu zake wote. Sasa kati ya namba hizo mbili, ipi ndiyo thamani yake?

Sarafu yenyewe ni dola ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1804, na sisi wa pwani tuna sababu ya kuitazama. Inasemwa kwamba ndiyo aliyopelekewa Sayyid Said bin Sultan, Sultani wa Muscat na Zanzibar. Ugomvi wote wa bei unakaa kwenye hilo neno "inasemwa".

Zawadi hiyo ilitolewa kweli, wala hakuna anayeibishia. Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire, alikutana na Sayyid Said Zanzibar mwaka 1828, akarudi kwao na wazo la mkataba wa biashara. Rais Andrew Jackson akamtuma, na mkataba ukatiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba 1833. Novemba 1834 Wizara ya Mambo ya Nje ikaagiza kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kiandae seti kamili ya sarafu za nchi kwa Mfalme wa Siam (Thailand ya leo), na nyingine kwa Sultani. Hapo ndipo mafundi walipokwama. Dola za fedha zilikuwa hazijapigwa kwa miaka thelathini. Vitabu vyao vilionyesha kwamba mara ya mwisho ilikuwa 1804, dola 19,570, wakaona huo ndio mwaka wa kuandika. Hawakujua kwamba dola za 1804 zilipigwa kwa mihuri ya zamani yenye miaka ya nyuma. Kwa hiyo "dola ya 1804" ilizaliwa 1834. Za kundi hilo la kwanza, yaani la zile za wakati wa zawadi, zinajulikana nane tu.

Kuna wanaosema hilo peke yake lingetosha kuishusha: haikupita mkononi mwa muuza samaki hata mmoja, ni kumbukumbu ya ikulu iliyovalishwa mwaka usio wake. Wakitaka dola ya kale ya kweli wanakuonyesha ya 1794, ya mwaka wa kwanza wa dola za Marekani. Nzuri kuliko zote za mwaka huo iliuzwa Januari 2013 kwa dola 10,016,875. Hoja hii hainikai sana. Sokoni Unguja kwa Sayyid Said mwenyewe bei zilihesabiwa kwa reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria, na reale hizo karibu zote ziliandikwa 1780 hata zilipotoka kiwandani miaka hamsini baadaye. Mfanyabiashara wa siku zile asingeuliza mwaka, angeuliza uzito. Na kwa uzito, dola ya Roberts ilikuwa na fedha halisi takriban gramu 24, reale gramu 23 na ushei. Angezibadilisha moja kwa moja bila kukuna kichwa.

Tofauti ya leo kati ya gramu 24 za fedha na dola milioni saba ndiyo kazi ya mkadiriaji, na hapo pana kambi mbili.

Kambi ya kwanza ni ya jedwali. Hawa huchukua mauzo ya nyuma ya sarafu za kundi hilohilo, wakatazama alama ya ubora, wakavuta mstari. Tatizo ni kwamba mstari wenyewe haunyooki. Agosti 2013 dola ya 1804 yenye alama 62 iliuzwa kwa dola 3,877,500. Machi 2017 nyingine yenye alama 65, yaani nzuri zaidi, ikauzwa kwa dola 3,290,000. Wapo wanaoona sababu ni herufi D ndogo iliyogongwa kwenye wingu nyuma ya hiyo ya 65, alama ya Dexter, mmiliki wake wa zamani, aliyeona ni sawa kutia chapa mali yake kama ng'ombe. Huenda. Lakini pia kila mnada ni siku yake: watu wawili wakikutana wote wanaitaka, bei inaruka, mmoja wao akikosekana, inalala. Kwa sarafu nane, ambazo baadhi ziko kwenye makumbusho na hazitauzwa, takwimu hazina cha kushika.

Kambi ya pili ni ya nasaba. Wao wanasema mnunuzi wa ngazi hii halipii fedha wala alama, analipia jina. Ushahidi wao mkubwa ni seti ya Mfalme wa Siam, iliyoibuka London mwaka 1962 ikiwa ndani ya kasha lake, na mwaka 2005 ikauzwa kwa takriban dola milioni 8.5. Kwa nini basi ya Sultani isifike hapo?

Kwa sababu ya Siam ina kasha, ya Sultani haina. Na ile ya Siam iliuzwa kama seti nzima. Sarafu tunayoizungumzia ilijulikana kwa mara ya kwanza mikononi mwa mkusanyaji wa Liverpool aitwaye Watters, ikanadiwa London mwaka 1917, ikavuka kwenda Marekani. Kati ya 1835 Roberts alipokabidhi zawadi Muscat na siku Watters alipoipata, hakuna karatasi. Wanaoamini wanatoa dalili mbili: imetunzwa vizuri mno, na imeibukia Uingereza, nchi ambayo Sayyid Said alikuwa akipelekeana nayo zawadi. Hilo la pili ni kweli. Mwaka 1836 alimpa Mfalme William wa Nne meli nzima ya kivita, yenye mizinga 74, na jina lake lilikuwa Liverpool. Mtu anaweza kusikia Liverpool mara mbili akatabasamu. Lakini kufanana kwa jina si risiti. Dola nyingine za kundi hilo zilibaki kiwandani Philadelphia na kuishia kwa wakusanyaji, na hii nayo ingeweza kupita njia hiyohiyo.

Kuna hesabu moja ambayo kambi zote mbili huiruka, ya mfuko wa muuzaji. Familia ya Pogue ya Texas iliinunua sarafu hii Agosti 1999 kwa dola milioni 4.14. Kwa mfumuko wa bei wa Marekani, hizo ni karibu milioni 6.8 za mwaka 2021. Ikauzwa 7.68, inaonekana faida. Ila katika hiyo 7.68, nyundo ya dalali iligonga kwenye 6.4, zilizobaki ni ada ya mnunuzi. Kwa nyundo hiyo, miaka 22 ya kuitunza haikuleta hata thamani ya fedha waliyoanza nayo. Ndiyo maana naona ile 10.6 ya 2016 haifai kuingia kwenye jedwali kama bei. Mtu alikuwa tayari kuitoa, sawa, lakini haikubadilisha mkono. Vilevile sikubali 7.68 iitwe anguko, kwani ni zaidi ya mara mbili ya kilicholipwa kwa ile ya 65 miaka minne kabla.

Ningepewa kalamu ya kuandika makadirio kwenye katalogi leo, ningeandika milioni 6.5 hadi 8, ada ndani. Nafika hapo kwa kuanza na milioni tatu na nusu ya dola ya kawaida ya kundi la kwanza, kisha kuizidisha mara mbili kwa kuwa hakuna iliyo safi kuliko hii. Kwa jina la Sultani nisingeongeza kitu, kwa kuwa waliolipa mwaka 2021 walilisoma kwenye katalogi kabla ya kuinua mkono, na bei yake tayari imo. Kulihesabu tena ni kumtoza mteja mara mbili.

Linalonifanya nisite ni karatasi. Sayyid Said alikuwa na makarani. Ukijitokeza ukurasa mmoja wa Kiarabu, Muscat au Unguja, unaoonyesha sarafu zile zilikwenda kwa nani, nitafuta milioni zangu nianze upya, na sijui kama nitapanda au nitashuka.